Nimegonga 50 na kila mtu anataka nichukue pesa za NSSF

Ukishagonga 50 hapa Nairobi kuna swali unaanza kuulizwa kila mahali, na si la presha wala sukari. Ni "umeshachukua zako za NSSF?", yaani ile akiba ya uzeeni tunayokatwa kwa mshahara. Utaulizwa kwa chama, utaulizwa kwa foleni ya matatu, na shemeji yako ambaye hupiga simu tu akiwa na shida atapiga kukuuliza hivyo, na kabla hujajibu ashaanza kukueleza kuna ploti ziko Joska, hamsini kwa mia, ukikawia wiki moja zimeisha.

Jibu langu ni hapana. Sijachukua na saa hii sichukui. Naandika hii juu nimechoka kueleza kwa simu, na pia juu yale maneno watu husema kazini wakati wa chai ya saa nne mengi ni nusu ukweli, na hiyo nusu ingine ndio inaweza kukuumiza.

Mimi niko kwa upande wa stoo kwa kampuni moja ya Industrial Area, miaka mingi sasa, kazi ni ya kawaida, mshahara ni wa kawaida. Sina shahada ya mambo ya fedha. Lakini kuhesabu najua, na hii maneno kwanza ni hesabu kabla iwe kitu kingine chochote.

Tuanze na sheria. NSSF ilianzishwa 1965 ikiwa mfuko wa akiba tu, yaani wewe unakatwa, mwajiri anaongeza, riba inaingia, ukizeeka unapewa zote mara moja mnaachana. Halafu kukaja Sheria ya NSSF ya 2013, ambayo hiyo nayo ilizungushwa kortini miaka na miaka mpaka Februari 2023 Mahakama ya Rufaa ikairuhusu na waajiri wakaanza kukata kwa viwango vipya. Kwa hivyo mtu wa rika langu ako na mafungu mawili. Kuna lile la zamani, la kabla ya 2023, ambalo linalipwa kwa mkupuo. Na kuna hili jipya ambalo sheria inakuruhusu uchukue mpaka theluthi moja kwa mkupuo, ile ingine inabaki ulipwe pole pole kama pensheni. Wengi wanaopiga hesabu ya ploti hawajui hilo la pili, wanafikiria watapewa zote kwa bahasha moja.

Umri wa kustaafu kwa hiyo sheria ni 60. Ile 50 ni ya kustaafu mapema, na hapo ndio chai inachanganya watu, juu 50 si siku ya kuzaliwa ambayo unaenda na kitambulisho unapewa keki. Unafaa uwe umeacha kazi ya kuajiriwa na uonyeshe hivyo. Najua kuna watu wanatafutiwa barua ya kustaafu na rafiki yao kwa ofisi ya HR, wanapeleka, na Jumatatu wako kazini kama kawaida. Sitaki kuingia hapo sana, nitasema tu hiyo ni kuandika uongo kwa fomu ya serikali, na mtu anakuandikia hiyo barua leo ndio anaweza kukuambia kesho "si wewe ulistaafu?"

Sasa hesabu. Tuchukue mtu wa mshahara wa 50,000, si mimi kamili lakini hatuko mbali. Zile siku za zamani alikuwa anakatwa 200, mwajiri anaongeza 200, jumla 400 kwa mwezi. Haijalishi ulikuwa unalipwa elfu kumi ama laki, ilikuwa tu 200. Sasa chukua miaka 20 mizima ya hiyo 400. Inakuja 96,000. Ndio, kuna riba juu yake na riba ya miaka 20 si mchezo, lakini pesa zenyewe zilizowekwa, za wewe na mwajiri pamoja, kwa miongo miwili ya kuamka saa kumi na moja, ni 96,000. Hii ndio maana wazee wetu walikuwa wanatoka na hundi ambayo hata haingenunua ng'ombe wa maana, na ndio maana mpaka leo ukitaja NSSF mtu anacheka kwanza.

Halafu angalia baada ya Februari 2023. Siku hizi ni asilimia 6 yako na asilimia 6 ya mwajiri, lakini si ya mshahara wote mara moja, waliweka kiwango cha juu kinachopanda kila mwaka. Mwaka wa kwanza kiwango kilikuwa 18,000, kwa hivyo huyo mtu wetu alikatwa 1,080 na mwajiri akaweka 1,080, jumla 2,160 kwa mwezi. Mwaka wa pili, kuanzia Februari 2024, kiwango kikapanda 36,000, jumla 4,320 kwa mwezi. Mwaka wa tatu, Februari 2025, kikafika 72,000, na huyu juu mshahara wake ni 50,000 sasa anakatwa kwa mshahara wake wote, 3,000 yake na 3,000 ya mwajiri, ni 6,000 kila mwezi. Jumlisha hiyo miaka mitatu: 25,920, halafu 51,840, halafu 72,000. Inakuja 149,760.

Soma tena. Miaka mitatu imeshinda miaka 20.

Nilipomaliza hiyo hesabu nyuma ya karatasi ya kupokea mizigo pale stoo ndio akili yangu iliamua, na hakuna shemeji ataibadilisha. Kila mtu analia kuhusu vile makato yamepanda, hata mimi nililia, peislipu ya Februari 2024 niliiangalia nikadhani wamekosea. Lakini kutoka kazini saa hii, wakati makato ndio yamekuwa ya maana, ni kama kuepua sufuria maji yakianza tu kuchemka baada ya kungoja na moto wa mavi ya ng'ombe siku nzima. Huyo mtu wa 50,000 akikaa mpaka 60, hata mshahara usiongezwe shilingi, ni 6,000 mara 12 mara miaka kumi, 720,000, na nusu ya hiyo, 360,000, ni pesa ya mwajiri ambayo hakuna njia ingine utaipata. Akienda na 50, hiyo nusu mwajiri anabaki nayo. Hatakutumia kwa M-Pesa ati pole ulikuwa mfanyakazi mzuri.

Mtu ataniambia, lakini si hata nikitoka na 50 naweza kuacha pesa hapo ikae? Ndio unaweza, inaendelea kupata riba, na ukitaka unaweza kuendelea kuweka mwenyewe, kuna ule mpango wa Haba Haba wa watu wa jua kali ambao unaanzia 25 kwa siku. Lakini hapo unajiwekea peke yako, hakuna mwenye anaongeza. Kwangu hiyo ndio tofauti yote.

Sasa nisikilizwe vizuri, sisemi kila mtu angoje 60. Kuna jamaa tulikuwa naye upande wa kupakia magari, nimuite Omosh, alipunguzwa kazi wakati kampuni iliondoa watu, akiwa 52. Mgongo umeisha, hakuna kampuni itachukua mtu wa 52 kubeba magunia. Alienda akachukua zake, na nakumbuka watu walimsema sana, ati atakula pesa na mwaka haujaisha. Omosh alilipia msichana wake karo ya KMTC yote iliyobaki, akamaliza deni la sacco, na ile kidogo ilibaki akaweka mabati kwa nyumba ya ushago. Msichana saa hii ni nesi. Nani atamwambia alikosea? Yeye hakuwa anachagua kati ya 50 na 60, alikuwa anachagua kati ya pesa yake na mkopo wa simu wenye riba ya kukunyonga. Ukiwa umeshapoteza kazi na hakuna ingine inakuja, hiyo 50 iliwekwa kwa sababu yako, enda uchukue na usione aibu. Na kama ni ugonjwa umekutoa kazini kabisa, hiyo hata si lazima ungoje 50, kuna malipo ya mtu asiyeweza kufanya kazi tena, daktari anathibitisha.

Wenye nabishana nao ni hawa wangu wa chai, mtu ako na kazi, ako na peislipu, ako na bima ya kazini, halafu anataka kuandika barua ya kuacha kazi ndio apate hiyo pesa. Anauza ng'ombe wa maziwa ndio anunue maziwa. (Ona sasa nimeanza kuongea kama mama yangu.)

Na bima ndio kitu hakuna mtu huweka kwa hesabu. Siku unatoka kazini, bima ya kampuni inaisha hiyo siku. Unabaki na SHA, ile bima ya afya ya serikali, na ukiwa huna mshahara wanakadiria mapato ya nyumba yako, wanakutoza asilimia 2.75 yake, si chini ya 300 kwa mwezi, na ni wewe unatafuta ya mwaka mzima mara moja. Sawa, hiyo inalipika. Lakini kutoka 50 mpaka 60 ndio goti linaanza, macho yanaanza, mume wangu Baba Brian ameanza dawa za presha, na kila kitu ambacho bima ya kazi ilikuwa inalipa kimya kimya unaanza kukijua kwa jina na kwa bei.

Halafu kuna hofu ya kweli, ile watu husema kwa sauti ya chini: je nikifa 58? Si nitakuwa nimewawekea serikali? Hapana. Ukifa kabla ya kuchukua, wanaokutegemea ndio wanalipwa. Shida ni kwamba wanalipwa wale ulioandika ama wale watathibitisha ni wako, na hapo ndio vita huanza, nitarudi hapo.

Upande wa kodi pia mambo yamebadilika na wengi hawajashika. Desemba 2024 sheria ya kodi ilirekebishwa, malipo ya uzeeni kutoka kwa mifuko iliyosajiliwa hayatozwi kodi ya mapato ukifika umri wa kustaafu wa huo mfuko, ama ukitoka kwa sababu ya ugonjwa, ama ukiwa umekaa mwanachama zaidi ya miaka 20. Kabla ya hapo kulikuwa na viwango vya kusamehewa, na pensheni yote ilikuwa inaachwa bila kodi ukifika tu 65. Kwa hivyo yule mjomba anakuambia ungoje 65 ndio KRA wasikuguse, ana habari za zamani, msamehe.

Binamu yangu ako Texas, tulikuwa tunaongea naye kwa simu juu ya hii maneno akaniambia huko kwao pensheni ya serikali, ile Social Security, iko na jedwali. Ukiwa umezaliwa 1960 ama baadaye, umri kamili ni 67. Unaweza kuanza na 62 lakini wanakupunguzia asilimia 30 maisha yako yote, na ukingoja mpaka 70 wanakuongezea asilimia 24. Nilimwonea wivu kidogo, si kwa pesa, kwa ule uwazi. Huku hakuna mtu anakupa zawadi ati umengoja. Kungoja kwa NSSF kunalipa kwa njia moja tu, makato yanaendelea kuingia na riba inaendelea kuongezeka. Kama umeacha kazi na makato yamesimama, sababu kubwa ya kungoja imeisha, imebaki tu riba na nidhamu yako mwenyewe. Ndio maana ushauri wa mtu wa Marekani usichukue ukauvaa hapa bila kuupima.

Sasa nije kwa kaka yangu, juu yeye ndio alinifanya nikae chini na kalamu. Yeye ni mwalimu, ako na 53, na amechoka. Si uvivu, amechoka kabisa, madarasa yamejaa, kila mwaka mtaala mpya na semina za kueleza mtaala mpya. Serikalini umri wa kustaafu ulipandishwa kutoka 55 hadi 60 mwaka wa 2009, lakini ukishafika 50 unaweza kuomba kutoka mapema. Na yeye ako kwa ule mpango wa zamani wa pensheni, juu ule mpya ulipoanza Januari 2021 waliokuwa chini ya 45 walihamishwa kwa lazima, wa 45 na kuendelea wakaambiwa wachague, yeye akabaki.

Huo mpango wa zamani hesabu yake ni nzuri sana kwa mtu anayependa hesabu. Chukua mshahara wa mwisho wa mwaka, ule wa msingi bila marupurupu, zidisha na miezi yote uliyofanya kazi, gawanya na 480. Hiyo ndio pensheni yako ya mwaka. Halafu unaweza kuuza robo yake, hiyo robo inazidishwa mara 20 unapewa kwa mkupuo, na robo tatu zinazobaki unalipwa kila mwezi mpaka ufe.

Tukaweka za kwake, nimezungusha kidogo. Mshahara wa msingi 50,000, miaka 28, yaani miezi 336. Mwaka ni 600,000, mara 336, gawa 480, inakuja 420,000. Robo ni 105,000, mara 20 ni 2,100,000 mkononi. Inayobaki ni 315,000 kwa mwaka, yaani 26,250 kila mwezi. Akingoja 60, tuseme mshahara umefika 60,000 na miaka ni 35, miezi 420: 630,000 kwa mwaka, mkupuo unakuwa 3,150,000 na kwa mwezi 39,375.

Tulikuwa tumekaa kwake, kitabu cha mazoezi cha mtoto ndio tuliandikia, na nikamwona anapiga mstari chini ya 2,100,000 mara mbili. Nikajua ashaenda. Milioni mbili kwa mwalimu ambaye hajawahi kuona laki tatu zikiwa pamoja ni kitu inalevya. Nikamwambia angalia namba ingine, hii 26,250, hii ndio utakuwa unaamka nayo ukiwa 71. Leo hiyo inalipa nini? Mtoto wa mwisho ako kidato cha pili. Na saa hii unapata mshahara zaidi ya hiyo mara mbili ukiongeza marupurupu. Kila mwaka unakaa, unaongeza miezi 12 juu ya 480, na mshahara wa mwisho nao unapanda, vyote viwili vinazidishana. Hii si kama NSSF ambapo unaangalia kilichowekwa, hii inaangalia siku ya mwisho, kwa hivyo miaka ya mwisho ndio mizito zaidi.

Yeye akaniuliza swali zuri, na lilinifanya ninyamaze kidogo. Akasema sawa, lakini hii robo, niiuze ama niiache nilipwe pensheni yote? Tukahesabu. Anauza 105,000 kwa mwaka, analipwa 2,100,000. Ni miaka 20 ndio iwe sawa, atakuwa 73 akitoka sasa, 80 akitoka na 60. Ukweli ni kwamba kuiuza ni biashara nzuri kwa karibu kila mtu, bora tu usile. Hata ukiweka hiyo milioni mbili mahali pa asilimia 10 kwa mwaka, inazaa 210,000, mara mbili ya ile uliuza, na mtaji bado uko. Na hatifungani za serikali zimelipa zaidi ya hiyo, ile ya miundombinu ya Februari 2024 ilikuwa juu ya asilimia 18, tena hizo za miundombinu hazina kodi. Siku hizi si lazima ujue mtu benki, unafungua akaunti ya DhowCSD ya Benki Kuu kwa simu. Lakini "bora tu usile" ndio neno zito hapo. Mwalimu akitoka na milioni mbili kijiji kizima kinajua kabla yeye ajue, na kila mtu ako na mradi wa kuku.

Kitu kingine nilimwambia, na hiki ni kwa yeyote anayetoka serikalini: pesa haikuji siku unatoka. Faili inatembea. Uwe na miezi kadhaa ya kuishi umeweka pembeni, juu wengi hukopa wakingoja mkupuo na ukifika ni wa kulipa madeni. Na mume ama mke wako ajue kwamba ukifa ukiwa ushaanza kulipwa pensheni, familia inaendelea kulipwa hiyo pensheni yako miaka mitano tu baada ya hapo, si maisha. Mke wake hakuwa anajua hilo. Alitoka jikoni akakaa na sisi.

Mama yetu ako juu ya 70, analipwa zile pesa za serikali za wazee, Inua Jamii, 2,000 kwa mwezi, na mara nyingi zinakuja za miezi miwili pamoja. Anazipenda sana, ananunua nazo sukari na anaweka ya kanisa. Mimi huziangalia nikijua hiyo ndio serikali itakupa kama hukuwahi kujiwekea kitu.

Sasa ile kazi ya mkono, na hii ifanye hata kama uko na 35. Nilichapisha taarifa yangu ya michango. Ni karatasi ya mistari tu, mwaka, mwezi, mwajiri, kiasi. Nikaipitia na rula nikishuka mstari kwa mstari. Mwajiri mmoja wa zamani, jina nitamwachia Mungu, kuna kipande kizima hakuna kitu. Miezi inafuatana, halafu inaruka, halafu inarudi. Na mimi nikitoa bahasha yangu ya kaki nina peislipu za hiyo miezi, wino umefifia lakini inasomeka, "NSSF 200". Alikuwa anakata na hapeleki. Kwa pesa ni kidogo, lakini riba ya miaka yote hiyo ndio inauma, na kuna watu wameanza kugundua haya wakiwa 60 na peislipu zilitupwa wakihama nyumba. Mimi zangu nimezipiga picha zote, nimeandika barua, nimeipeleka ofisi ya NSSF ya Community pale Bishops Road na nikagongewa muhuri kwa nakala yangu. Usipeleke kitu bila nakala yenye muhuri, tafadhali.

Pia angalia jina. Kama kitambulisho kinasema hivi na NSSF inasema vingine, hata herufi moja, rekebisha sasa ukiwa na nguvu za kupanga foleni.

Na wanaokutegemea. Niliahidi kurudi hapo. Mimi nilisajiliwa nikiwa msichana wa ishirini na kitu, niliandika mama na kaka yangu, Baba Brian sikuwa hata namjua na Brian hakuwa amefikiriwa. Hiyo fomu ingebaki hivyo, nikifa leo watoto wangu wangekuwa wanatembea na chifu kutafuta barua. Rafiki yangu mmoja alizika mumewe wakapata aliyeandikwa ni mke wa kwanza, waliachana kitambo, na huyo mama naye akakuja, na kwa kusema ukweli karatasi ilikuwa upande wake. Nimebadilisha zangu Huduma Centre pale GPO, asubuhi mapema kabla foleni ipinde kona. Baba Brian nimempa mpaka mwisho wa mwezi abadilishe zake, na nikamwambia nitaenda na yeye, juu nataka kuona kwa macho yangu ni nani ameandikwa hapo.